Je, Wajua? Jicho Lililopoteza Kitovu Linaweza Kupata Kingine

Nyoosha mkono mbele yako utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo dogo kama hilo ndilo pekee unaloliona kwa ukali kamili. Vingine vyote vilivyo mbele yako unaviona kwa ukungu, ila macho huruka huku na kule kwa kasi na ubongo ukaunganisha picha, hata ukadhani unaona kila kitu sawasawa.

Kazi hiyo hufanywa na fovea, kishimo kilichomo katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, chenye upana wa milimita 1.5 hivi. Pale kati hakuna mshipa wa damu hata mmoja, na seli za koni, zile za kuona kwa ukali, zimesongamana hadi kufikia 200,000 hivi kwa milimita moja ya mraba. Ubongo nao unakithamini mno kishimo hiki: karibu nusu ya eneo la kisogoni linalopokea kwanza habari za macho hushughulikia kitovu hicho na viunga vyake vya karibu.

Fovea ikiharibika, mtu hapofuki kabisa, na hapo ndipo mateso yake yanapokosa kueleweka. Mzee wa Muyinga, hapa Burundi, mwenye tatizo hili anaweza kwenda sokoni peke yake, akakwepa baiskeli iliyobeba ndizi, akarudi salama. Lakini mbele ya duka hajui kama ameshika noti ya 500 au ya 5,000, na ujumbe wa pesa kwenye simu husomewa na mjukuu. Jirani akimpungia mkono, hajibu, kwa kuwa uso umefutika. Basi huambiwa ana maringo. Yeye mwenyewe mara nyingi haoni doa jeusi, kwani ubongo huziba pengo kwa rangi za kando. Kwa hiyo hata kulieleza tatizo lake kunamshinda.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kuchakaa kwa makula, yaani eneo linaloizunguka fovea, ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya. Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake walichunguza watu wa miaka 50 na zaidi huko Nakuru, Kenya, na matokeo waliyotoa mwaka 2013 yalionyesha dalili za awali kwa watu kama 11 katika kila 100, na hatua ya mwisho kwa zaidi kidogo ya mmoja. Vijana nao huweza kupatwa na ugonjwa wa Stargardt, wa kurithi, ulioelezwa na daktari Mjerumani Karl Stargardt mwaka 1909. Na watu wenye ualbino huzaliwa na fovea ambayo haikukomaa. Si haki mtoto mwenye ualbino aitwe mzito wa kusoma wakati hajawahi hata kusogezwa karibu na ubao.

Ajabu yenyewe ni kwamba ubongo haukubali kushindwa. Huchagua sehemu nzima ya retina, pembeni ya ile iliyoharibika, na kuifanya mahali papya pa kutazamia. Lakini pembeni koni ni chache, na herufi zikikaa karibu karibu husongana zisisomeke. Dawa ya hilo ni mazoezi. Mtafiti Susana Chung wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, aliwazoeza watu sita waliopoteza uoni wa kati kusoma maneno yanayopita moja moja kwenye skrini. Mwaka 2011 aliripoti kwamba kasi yao ya kusoma ilipanda kwa wastani wa asilimia 53. Macho hayakupona, ubongo ndio uliojifunza.

Umeme umeingia hapo kama msaidizi. Mwaka 2008 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walieleza mbinu ya kupitisha kichwani mkondo dhaifu unaobadilika ovyo ovyo, wa takribani miliampia moja, kupitia vipande vya mpira vilivyofunikwa sponji yenye maji ya chumvi. Kwa ajili ya uoni, vipande hivyo huwekwa kisogoni wakati mtu anafanya mazoezi. Mwaka 2019 ilionekana kwamba watu wenye macho mazima waliopata mkondo huo walifaidika zaidi na mazoezi ya uoni wa pembeni kuliko waliofungwa kifaa bila kupata umeme. Inatia moyo, lakini majaribio kwa wagonjwa wenyewe bado ni madogo, na mtu asithubutu kujitengenezea kifaa hicho kwa betri ya redio.

Mgonjwa wa Gitega au Muyinga asisubiri mashine. Kwanza aende kwenye kliniki ya macho, mathalani ya hospitali ya Kibuye Hope mkoani Gitega, maana huenda ni mtoto wa jicho tu, anayeondolewa kwa upasuaji. Ikithibitika ni makula, ndugu aketi mbele yake, karibu na dirisha. Mgonjwa aufanye uso wa ndugu huyo kuwa kitovu cha saa ya ukutani, kisha apeleke macho polepole kwenye 12, kwenye 1, kwenye 2, hadi azunguke yote. Mahali pua ya ndugu inapoonekana vizuri kuliko kwingine, pakumbukwe. Ajizoeze kutazamia hapo kila siku kwa dakika chache, kwanza kwa nyuso, kisha kwa noti, kisha kwa herufi kubwa zilizoachana, na nyumbani waelezwe kwamba anapotazama kando ya sikio lako, ndipo anapokuona.