Gari Likiharibika Mikononi mwa Muoshaji, Nani Alipe?

Kazi ya kuosha na kung'arisha magari imekuwa tegemeo la riziki kwa vijana wengi wa Unguja na Pemba. Ni kazi halali, ya jasho, na inastahili heshima. Lakini ndani yake imo hatari ambayo yatupasa tuizungumze waziwazi: fundi anapoharibu gari la mtu bila ya kukusudia, mzigo wa hasara ni wa nani?

Wasiojua huidhani kazi hii kuwa ni ndoo na kitambaa tu. Sivyo. Rangi ya gari iliyopigwa kiwandani, tabaka zote pamoja, unene wake ni kiasi cha sehemu 1 tu ya 10 ya milimita. Mashine ya kung'arishia ikikawia mahali pamoja, au kitambaa kikibeba chembe za mchanga, tabaka la juu huliwa na halirudi. Maji ya nguvu yakielekezwa kwenye injini huweza kuingia katika alteneta na nyaya za umeme. Dawa ya asidi ikiachwa ikaukie juani huunguza rimu. Kosa la dakika moja laweza kumgharimu kijana kipato cha miezi. Na mwenye teksi ambaye gari lake limelala gereji hana cha kuwapelekea watoto jioni.

Baadhi ya wenye viwanja vya kuoshea hutundika kibao kusema kwamba gari huachwa kwa dhamana ya mwenyewe. Kibao hicho peke yake hakimalizi kesi. Mahakama huweza kuuliza iwapo mteja alikiona na kukikubali kabla ya kutoa ufunguo. Kanuni iliyomo katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo chimbuko la sheria za mikataba katika nchi zetu, humtaka aliyepokea mali ya mwenziwe aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida atunzavyo mali yake mwenyewe. Aliyetimiza hayo hana lawama; aliyezembea atalipa. Wala jambo hili si geni kwa wanazuoni wetu wa fiqhi, ambao tangu kale wamejadili dhamana ya mafundi kama vile mtia rangi nguo na mfua dhahabu. Na wapo waliowabebesha dhamana hiyo ili mali za watu zisipotee.

Wengi hudhani kwamba bima itamaliza kila kitu. Hapo ndipo penye mtego. Bima ndogo, ambayo ndiyo lazima kisheria, humlinda mtu wa tatu. Hailitengenezi gari la mwenye bima. Bima kubwa hufidia ajali, lakini kwa kawaida haifidii kazi mbovu ya fundi, na madai huweza kukataliwa iwapo aliyelisogeza gari uwanjani hana leseni. Fundi naye akikata bima ya dhima kwa umma, hana budi kuisoma hati yake kwa makini, kwani mara nyingi hati hiyo huiacha nje mali iliyo mikononi mwake kwa ajili ya kazi, yaani lile gari lenyewe analoliosha. Ni lazima aombe kifungu cha ziada kinachoitaja.

Basi tufanye nini? Kwanza, pawe na karatasi ya makabidhiano: mikwaruzo iliyokuwapo iandikwe, na pande zote mbili zitie saini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, asiye na leseni asiguse usukani. Tatu, vijana waungane katika vyama vya ushirika, kwani ada ya bima isiyobebeka na mmoja huweza kubebeka na ishirini. Nne, Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, pamoja na kampuni nyingine, zibuni bima nafuu kwa mafundi wadogo, na hati zake ziandikwe kwa Kiswahili kinachofahamika. Nayo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ilihimize jambo hilo.

Kijana anayejitegemea asiangushwe na mkwaruzo mmoja. Wala mwenye gari asiambiwe kwamba hasara yake ni bahati mbaya tu. Haki ya wote wawili inaanzia pale ufunguo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.