Jitu la Pratolino

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Leo nawapeleka Italia, kwenye vilima vya kaskazini mwa jiji la Firenze, mahali paitwapo Pratolino.

Paliondokea mtawala wa Toscana, Francesco wa ukoo wa Medici, tajiri kupindukia. Mwaka 1568 alinunua shamba huko, akajenga jumba la kupumzikia, kisha akataka bustani ya kuwashangaza wageni.

Kazi ya sanamu kubwa alipewa Giambologna, fundi mzaliwa wa Flanders. Mnamo mwaka 1580 hivi, jitu likaanza kuinuka kando ya bwawa. Limechutama, lakini hata hivyo kimo chake ni kama mita 11. Ghorofa tatu hizo! Limejengwa kwa mawe, matofali na lipu. Ndevu zinachuruzika mpaka kifuani, na mwili umeachwa na makwaruzo na mabonge, hata usijue mwamba umeishia wapi na nyama imeanzia wapi.

Sasa utazameni mkono wa kushoto. Umekigandamiza chini kichwa cha dubwana, na kinywani mwa dubwana maji yanabubujika, yanaangukia bwawani.

“Babu, linalikomoa kwa nini?”

Sikilizeni. Jitu lile ni mfano wa milima ya Apenini. Mto Arno unaopita Firenze na mto Tiber unaopita Roma yote miwili huanzia kwenye milima hiyo. Basi kwa kulifanya jitu limkamue dubwana maji, fundi aliwaonyesha watu, bila kusema neno, kwamba wakaao bondeni hunywa kwa hisani ya mlima.

Na msidhani ni jiwe tupu. Ndani mna vyumba na mapango. Yasemekana kichwani palikuwa na meko, moto ukikolezwa moshi unafuka puani! Na injini ya kusukuma maji haikuwapo enzi zile: maji yalitoka kwenye chemchemi za juu, yakateremka mabombani yenyewe, kwa kuwa maji hufuata mteremko.

Jumba je? Halipo. Mwanamume wa mwisho wa Medici kuitawala Toscana alifariki mwaka 1737. Matunzo yakazorota, na katika miaka ya 1820 jumba likabomolewa. Jitu likabaki, na mwaka 2013 UNESCO ikaiingiza bustani hiyo katika Urithi wa Dunia.

Zamani aliyeingia humo alikuwa mgeni wa mtawala. Siku hizi ni bustani ya umma, na mtoto wa yeyote anaweza kusimama pale akalicheka dubwana linavyotapika maji.