Siku moja Nanyuki, mji wa mipaka mingi

MGENI anayetoka Nairobi, baada ya safari ya takriban kilomita 200 kupitia Karatina na Naro Moru, hukaribishwa Nanyuki na bango linalomwarifu kwamba amefika kwenye ikweta. Hapo ndipo kizio cha kusini cha dunia kinapokoma na cha kaskazini kuanza.

Kando ya bango, vijana humwonyesha ajabu. Humimina maji katika chombo kilichotobolewa na kuelekeza kijiti juu yake. Upande wa kaskazini kijiti huzunguka. Hatua chache kusini huzunguka kinyume. Penye mstari wenyewe hutulia tuli. Mgeni hustaajabu na kulipa.

Ukweli ni kwamba dunia haihusiki. Ni kweli kuwa mzunguko wake hupinda mwendo wa pepo kubwa, na ndiyo sababu vimbunga vinavyoipiga Msumbiji, kama Idai mwaka 2019, huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, ilhali vya kaskazini huenda kinyume. Lakini nguvu hiyo huhitaji masafa marefu, na karibu na ikweta huwa hafifu mno. Maji ya karai hufuata namna yalivyomiminwa na mkono wa aliyeyamimina.

Huko Ulaya, watalii husafiri kwa meli katika Mto Rhine hadi Strasbourg, mji wa Ufaransa unaopakana na Ujerumani, wakasimuliwa jinsi ulivyobadilisha mikono mara nne kati ya 1871 na 1944. Nanyuki haina meli, lakini nayo ina historia ya mipaka iliyowagharimu watu.

Mwaka 1904, serikali ya kikoloni iliwatengea Wamaasai maeneo mawili, moja likiwa Laikipia. Mkataba wa 1911 uliwataka waihame Laikipia na kwenda kusini. Baadhi yao walikwenda mahakamani, lakini kesi yao ikatupwa mwaka 1913. Ardhi hiyo ikawa ya walowezi, na Nanyuki ukawa mji wao wa soko. Jina lake, lenye asili ya Kimaasai, ndilo lililobaki.

Leo mji huo umo katika Kaunti ya Laikipia, karibu na mipaka ya Nyeri na Meru. Hata hivyo, Mto Nanyuki hauitambui mipaka hiyo. Huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hupita mjini, kisha hujiunga na Ewaso Ng'iro, ambao huteremka kuelekea Isiolo na Samburu hadi kinamasi cha Lorian.

Wakati wa kiangazi, maji yakichotwa kwa wingi na wakulima wa juu, mfugaji wa chini hukuta mchanga mtupu. Hapo ndipo ugomvi huzuka. Sheria ya Maji ya 2002 iliruhusu kuundwa kwa vyama vya watumiaji maji, ambamo watu wa juu na wa chini huketi pamoja na kupangiana zamu.

Kwa hivyo, mgeni mwenye siku moja Nanyuki apige picha yake penye bango, kisha aende hadi darajani autazame mto. Kiasi cha maji kinachopita hapo kitamweleza kama wafugaji wa Samburu wana matumaini ya kunywesha mifugo yao.