Winga naye anastahili ujira wake



Leo naomba tuzungumze juu ya mpira, na hasa juu ya mtu mmoja uwanjani: winga. Najua wapo watakaosema padre ameishiwa mada. Mnivumilie kidogo, maana hata Mtume Paulo alipotaka Wakorintho wamwelewe aliwapeleka moja kwa moja viwanjani, akawasimulia habari za wakimbiaji na wapigana ngumi.

Ukitazama mechi kwenye runinga, kamera inafuata mpira, na winga unamwona pale tu mpira unapomfikia. Siku moja nenda uwanjani umtazame kwa macho yako mwenyewe. Beki akipata mpira, winga anachomoka mbio kando ya mstari. Kiungo anatazama upande wa pili na kupiga huko. Winga anasimama, anageuka, anarudi nyuma kumsaidia beki wake. Dakika mbili baadaye anachomoka tena, na mara nyingi hapewi kitu. Lakini zile mbio hazikuwa za bure. Zimemvuta beki wa timu pinzani pembeni, katikati pamebaki wazi, mwenzake ameingia na kufunga. Jina linalotangazwa kwenye kipaza sauti ni la mwenzake.

Huku Endagikot, Mbulu, ninakoandikia tafakari hii, habari ya mbio haihitaji maelezo marefu. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, yule mkimbiaji wa marathoni wa Mexico mwaka 1968 aliyeumia mguu njiani, akaingia uwanjani wa mwisho kabisa, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, kwa sababu kuacha njiani hakukuwa katika hesabu zake. Watoto wetu wanaikuta habari hiyo tangu shule ya msingi. Lakini lazima niseme ukweli: siku hizi wengi wao hawaoti tena marathoni. Jioni ng'ombe wakisharudi zizini, mpira wa matambara unatoka, na kila kona ya uwanja kuna kijana mwembamba anayejiita Msuva.

Basi tumtazame huyo Msuva mwenyewe. Simon Happygod Msuva alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1993. (Jina lile la kati ni mahubiri tosha, sitaliongezea neno.) Alijiunga na Yanga mwaka 2012, bado kijana mdogo, akakaa Jangwani miaka mitano. Katika kipindi hicho Yanga ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu mara nne. Msimu wa 2014/15 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Msimu wa 2016/17 alimaliza tena kileleni kwa mabao 14, sawa na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Winga kuwa mfungaji bora si jambo la kila siku. Washabiki wa Simba, ambao parokiani kwetu hawakosekani na huketi karibu kabisa na mimbari, wanikubalie hilo bila kinyongo.

Mwaka 2017 akavuka kwenda Morocco, katika klabu ya Difaâ El Jadida, mji wa pwani ya bahari ya Atlantiki. Mwaka 2020 akapanda ngazi nyingine, akasajiliwa na Wydad ya Casablanca, moja ya klabu kubwa za bara letu. Katikati ya safari hiyo alitufanyia kazi sisi sote. Tarehe 24 Machi 2019, pale Dar es Salaam, ndiye aliyefunga bao la kwanza tulipowafunga Uganda 3-0 na kurudi kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1980. Kule Misri, dhidi ya Kenya, alifunga dakika ya sita tu. Mechi ile tulipoteza 3-2, na sina haja ya kuwakumbusha zaidi.

Sasa nifike ninapotaka. Baada ya muda jina la Msuva lilianza kutoweka kwenye vikosi vya Wydad. Kisha habari zikaja kwamba anadai malipo yake, ameondoka, na shauri amelipeleka FIFA. Tarehe 30 Mei 2022 Wydad wakaifunga Al Ahly 2-0 palepale Casablanca na kuwa mabingwa wa Afrika. Msuva hakuwa nao. Baadaye FIFA ilimpa haki yake na kuiamuru klabu imlipe.

Mpendwa msomaji, nakumbuka maneno ya watu wakati ule, kwenye baa na kwenye daladala, na pia nje ya makanisa baada ya Misa. Wengi walisema: angevumilia tu, leo angekuwa bingwa wa Afrika. Wengine walisema kijana wa Kitanzania akishapata nafasi kubwa namna ile, kudai hela ni tamaa. Waliosema hivyo hawakuwa watu wabaya. Ni watu wa sala, watu wa jumuiya ndogondogo, watu wanaotoa zaka. Na ndiyo maana maneno yao yalinisumbua, kwa sababu yametoka mahali fulani ndani ya nyumba zetu, wala si Morocco.

Turudi kwa Paulo. Sura ya tisa ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho tunaipenda sana kwa ajili ya aya zake za mwisho, zile za wakimbiaji na taji lisiloharibika. Vijana wa kwaya wanazijua, na walimu wa michezo wanazipenda kwenye mahafali. Lakini ni wangapi tumesoma sura hiyo tangu mwanzo? Kabla ya kufika kwenye mbio, Paulo anazungumza juu ya mshahara. Anauliza kama kuna askari anayekwenda vitani kwa gharama yake mwenyewe, kama kuna mtu anayepanda mizabibu asile matunda yake, kama kuna mchungaji wa mifugo asiyekunywa maziwa ya kundi analolichunga. Anamleta hadi ng'ombe wa kupura nafaka, ambaye Sheria ya Musa ilikataza asifungwe kinywa. Ndipo baadaye sana anapofika uwanjani. Mtu anayewahubiria wenzake mbio huku amezikata aya za ujira amesoma nusu ya sura.

Ndiyo, Paulo huyohuyo anasema kwamba yeye haki hiyo hakuitumia. Aliamua kuhubiri bure. Hapa ndipo tunapoteleza wengi, tena sisi tunaohubiri tukiwa wa mbele. Tunachukua sadaka ya Paulo na kuifanya sheria ya watu wengine. Tazama vizuri: Paulo ndiye aliyeacha haki yake. Wakorintho hawakumwachia. Hakuna mahali ambapo anawapongeza kwa kutomlipa. Kuacha ujira ni zawadi iliyo mkononi mwa aliyefanya kazi peke yake. Aliyefanyiwa kazi hana mamlaka ya kuitoa zawadi hiyo kwa niaba yake, hata akiiita uvumilivu, hata akiiita kazi ya Mungu.

Msuva naye alikuwa na cha kutoa, akakitoa. Katika kipindi kile cha mgogoro, alipokuwa hana klabu, Taifa Stars iliendelea kumwita naye aliendelea kuja. Alipokwisha kupata kazi kwingine, Saudi Arabia katika klabu ya Al-Qadsiah, mwezi Machi 2023 alitufungia bao pekee dhidi ya Uganda kule Ismailia, Misri. Mwezi Juni mwaka huohuo akatufungia tena dhidi ya Niger, na ndiyo njia tuliyopita kwenda Ivory Coast. Kule San Pedro, Januari 2024, akafunga mapema dhidi ya Zambia, na tuliongoza mpaka Patson Daka aliposawazisha dakika za mwisho. Mtu aliyeitwa mwenye tamaa! Baada ya Saudi Arabia akacheza Algeria na JS Kabylie, akarudi tena Saudi Arabia, kisha Baghdad na Al-Talaba. Ni maisha ya kibarua wa mbali: lugha ngeni, chakula kigeni, na kila mara karatasi mpya ya kusaini.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomwokoa. FIFA haikumhukumia haki kwa sababu anakimbia sana au kwa sababu ni kijana mzuri. Ilikuwepo mikataba yenye kiasi na tarehe.

Hivi karibuni mama mmoja alinisubiri baada ya Misa ya kwanza. Mwanawe yuko kidato cha pili, ana mbio kama swala, na kuna mtu amemwambia atampeleka Dar es Salaam kujaribiwa na timu. Akaniuliza: "Baba Padre, kwani mpira ni kazi?" Nikamjibu kwamba ni kazi, mama, tena ngumu, na kwa kuwa ni kazi tuulize kama tunavyouliza kazi nyingine. Huyo mtu ni nani? Kijana atalala wapi, atasoma wapi? Nani atasaini, na nani atalipa, tarehe ngapi? Asiyeweza kujibu maswali hayo mbele ya wazazi asipewe mtoto. Mama akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata yule kijana anayemchungia ng'ombe nyumbani, aliyetoka Hanang, hajamwandikia chochote, na malipo ya miezi minne anamwambia subiri tuuze vitunguu saumu.

Sikumtafutia maneno ya kumkemea, alikwisha kujikemea. Lakini ninyi na mimi tunajua hayuko peke yake. Huku kwetu wapo vijana wengi wanaokimbia pembeni kama winga, na mpira hauwafikii: wachunga ng'ombe, wasichana wa kazi za ndani, vibarua wa kupalilia na kuvuna ngano. Wanaamka kabla yetu. Sisi tunawahi Misa kwa sababu wao wamebaki na mifugo. Wengi hawaonekani hata kwenye daftari la jumuiya.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinataka kibarua alipwe siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama, awe ndugu au mgeni, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Mtakatifu Yakobo, sura ya tano, anakwenda mbali zaidi: ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe, na kelele za wavunaji zimefika masikioni mwa Bwana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inauweka udhalimu kwa mfanyakazi wa ujira katika orodha ya dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, pamoja na damu ya Abeli. Nimesikiliza maungamo kwa miaka mingi, na bila kugusa siri ya mtu yeyote naweza kusema hivi: Wakristo wengi wanaijua orodha ya amri kumi kwa moyo, na hiyo nyingine hawajawahi kuisikia.

Wala tusiishie nyumbani. Parokia nazo zina walinzi, wapishi, watunza bustani, na zina makatekista wanaotembea vilima kwa vilima kufundisha watoto vigangoni. Halmashauri ya walei inapopanga bajeti ya kupaka kanisa rangi, mwenyekiti aulize kwanza kama posho ya katekista ya robo iliyopita imetoka. Kanisa linaweza kungoja rangi mwaka mmoja zaidi. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliliandikia Kanisa lote juu ya ujira wa haki mwaka 1891. Tumekuwa na muda wa kutosha wa kuisoma barua ile.

Kwa anayedai, niseme pia jambo la kidunia kabisa. Mchunga ng'ombe hana FIFA, lakini nchi hii ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai ya mshahara yanatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Wengi hukaa kimya mwaka mzima kwa heshima ya tajiri, kisha wanaambiwa wamechelewa. Na kama anayechunga ni mtoto wa umri wa shule, hapo hatuzungumzi mshahara hata kidogo. Mahali pake ni darasani.

Yule mama alirudi Jumatano na kijana wake wa ng'ombe, wakakaa wote wawili ofisini kwangu, kila mmoja akitazama sakafu. Tukaandika karatasi: jina, kazi, kiasi kwa mwezi, tarehe ya kulipwa, na namna deni la miezi minne litakavyomalizwa mafungu mawili. Kijana aliandika jina lake taratibu, kwa herufi kubwa. Nilipouliza kama kuna kilichosahaulika, mama akasema niongeze kwamba kila asubuhi, kabla ya kupeleka ng'ombe malishoni, atakunywa maziwa nyumbani kwake.