Homa Imekwisha, Goti Bado Linauma

Mbu wa Aedes aegypti huuma mchana, saa ambazo chandarua kimekunjwa, na huzaliana palepale nyumbani: kwenye pipa lisilofunikwa, tairi lililotupwa uani, kifuu cha nazi kilichokinga mvua. Ndiye anayeeneza chikungunya, maradhi ambayo watafiti wameyafuatilia kwa watoto wa Ukunda na Msambweni, pwani ya Kenya, mahali ambapo homa nyingi hudhaniwa kwanza kuwa malaria. Baada ya siku chache homa hushuka na kirusi hutoweka katika damu, lakini mgonjwa bado hawezi kukuna nazi kwa sababu vidole vimevimba. Hapo huambiwa kwamba kinga yake ni dhaifu, na huuziwa cha kuiongeza. Ushahidi unaonyesha kinyume. Kila sehemu ya mwili hupambana na kirusi kivyake, na maumivu haya kwa kiasi kikubwa yanatokana na kinga yenye nguvu iliyokusanyika mahali pasipoweza kuistahimili.

Mbu anapochoma, kirusi huingia katika fibroblasti, seli zinazotengeneza nyuzi za kuishikilia ngozi. Hizi si askari wa kinga, lakini ni miongoni mwa za kwanza kupiga mbiu: hutoa interferoni, protini inayozifanya seli jirani zimzuie mvamizi asizaliane. Panya wazima walio na kipokezi cha interferoni huvuka ugonjwa. Wasio nacho hufa. Katika damu kazi humalizwa na kingamwili. Kwenye kiungo mambo ni mengine. Seli nyeupe za damu huingia kwa wingi katika utando laini unaozunguka kiungo, zikageuka makrofaji, zikameza seli zilizoambukizwa na kumwaga kemikali za uvimbe. Seli T saidizi nazo huchochea uvimbe huo: panya walioondolewa seli hizo hawakuvimba miguu kama wenzao, ilhali kirusi chao hakikupungua. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote, maana unatenganisha uvimbe na wingi wa kirusi.

Mtu anaweza kusema kirusi kimejificha tu. Hoja hiyo ina msingi. Mlipuko wa Lamu wa 2004, ulioacha kingamwili kwa takriban robo tatu ya wakazi, ulifuatwa na ule wa Komoro na kisha Réunion. Huko Réunion mabaki ya kirusi yalikutwa ndani ya makrofaji za kiungo cha mgonjwa mmoja miezi 18 baada ya kuambukizwa. Lakini mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 38 wa Colombia waliokuwa na maumivu kwa karibu miaka miwili: ute wa viungo vyao haukuwa na kirusi. Mabaki yanaweza kuwasha moto, ila moto huendelea hata yasipoonekana.

Je, basi kinga izimwe? Si katika siku za mwanzo, kwani ndiyo inayookoa maisha. Miezi ikishapita na uvimbe haujaisha, madaktari hutumia kwa uangalifu dawa za baridi yabisi zinazotuliza kinga, kama methotreksati. Kwa hiyo kabla ya kuandika dawa inafaa kuuliza homa ilianza lini. Hata dawa za maumivu zina wakati wake. Dengi nayo ipo pwani hii, na vita vyake huvuruga kuta za mishipa midogo ya damu badala ya viungo. Aspirini na ibuprofeni zikitolewa kabla ya kujua ni homa ipi, mgonjwa wa dengi anaweza kuvuja damu.