Piprahwa: Stupa Iliyochimbwa Mara Mbili

Stupa ni jengo la kumbukumbu katika dini ya Buddha, lenye umbo la kuba na lisilo na ukumbi wa kuingiliwa, ambalo hujengwa kwa udongo, mawe au matofali juu ya masalio matakatifu, yaani mifupa, majivu au vitu vya mtu anayetukuzwa. Kwa mujibu wa mapokeo ya dini hiyo, Buddha alipofariki na mwili wake kuchomwa, masalio yake yaligawanywa mafungu 8, na fungu moja wakapewa Washakya, ukoo wake mwenyewe, ambao makao yao makuu yalikuwa mji wa Kapilavastu.

Mnamo Januari 1898, katika kijiji cha Piprahwa, kaskazini mwa India karibu na mpaka wa Nepal, Mwingereza aliyesimamia mashamba makubwa ya eneo hilo, William Claxton Peppé, alikata handaki katika kilima cha matofali, mabaki ya stupa, chenye kipenyo cha mita 35 hivi, akafikia sanduku la jiwe lenye uzito wa takriban kilo 700. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mifupa, vito vingi na vyombo 5, vinne vikiwa vya jiwe la sabuni, jiwe laini la jamii ya lile linalochongwa na mafundi wa Kisii nchini Kenya, na kimoja cha bilauri, ambacho kifuniko chake kina kishikio cha umbo la samaki mwenye uwazi ndani, uliojazwa mapambo ya dhahabu. Kifuniko cha chombo kimojawapo kilichorwa maandishi ya Brahmi, hati ya kale ya India, yanayotaja masalio ya Buddha na jina la Washakya.

Miaka zaidi ya 70 baadaye, wanaakiolojia wa India wakiongozwa na K. M. Srivastava walirudi Piprahwa, wakifuata kanuni ya matabaka, isemayo kwamba kilicho chini hutangulia kilicho juu, mradi udongo haujavurugwa. Walipochimba chini ya mahali lilipokuwa sanduku, walikuta vijumba viwili vya matofali vyenye vyombo vya jiwe la sabuni na mifupa, wakavikadiria kuwa vya karne ya 5 au ya 4 kabla ya Kristo. Katika magofu ya vihara, yaani nyumba za watawa, walipata pia mihuri midogo ya udongo yenye jina la jumuiya ya watawa wa Kapilavastu, iliyowafanya waamini kwamba mji huo ulikuwa katika eneo hilo. Hata hivyo mjadala haujafungwa, kwani wataalamu wengine huutambua mji huo kuwa Tilaurakot, nchini Nepal, penye mabaki ya kuta za mji.

Sehemu ya mifupa ya mwaka 1898 alipewa Mfalme Chulalongkorn wa Siam, ambayo leo ni Thailand, na vito vingi vikapelekwa katika jumba la makumbusho la Kolkata. Vile vilivyobaki kwa familia ya Peppé vilitangazwa kuuzwa kwa mnada mwaka 2025, India ikapinga, na mwezi Julai vikarejeshwa nchini humo. Kito kilichoondoka kinaweza kurudishwa, lakini tabaka la udongo likishachimbwa halirudi, na kwa hiyo mchimbaji hupimwa zaidi kwa kumbukumbu anazoandika kuliko kwa dhahabu anayoibua.