Pacha Ndani ya Tarakilishi: Jinsi ya Kuzitambua Modemu Zinazofanana katika Linux

Miongoni mwa Wabukusu, ambao ni wengi katika eneo la Tongaren, pacha wa kwanza huitwa Mukhwana na wa pili Mulongo. Kwingineko Waswahili husema Kurwa na Doto. Majina haya hufuata zamu ya kuzaliwa, nayo hudumu kwa sababu mtu huzaliwa mara moja tu. Makala haya yananuia kueleza kwa nini utaratibu uo huo hushindwa ndani ya tarakilishi, na namna ya kuurekebisha.

Chukua mfano wa mwenye duka la huduma za tarakilishi sokoni Tongaren. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini pale ambapo waya haujafika dukani, tegemeo ni modemu ya USB yenye kadi ya simu. Mtandao ukipotea siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo wa masomo, mwanafunzi hurudi nyumbani mikono mitupu. Ndiposa mwenye duka huchomeka modemu tatu za aina moja, kila moja na kadi ya kampuni tofauti, katika tarakilishi inayoendeshwa na Linux.

Hapo huzuka matatizo mawili. La kwanza ni la majina. Kwa desturi ya zamani, Linux huzipa modemu majina kwa zamu ya kuonekana: usb0, usb1, usb2. Tarakilishi inapowashwa, modemu zote huzaliwa upya, na aliyekuwa Mukhwana jana huenda leo akawa Mulongo. Tangu mwaka 2013 programu ya systemd imeleta majina ya kudumu, lakini kwa vifaa vya USB mifumo kama Debian huyaunda kutokana na anwani ya MAC. Modemu nyingi za Huawei E3372 za aina ya HiLink huwa na anwani moja ya MAC. Kuzitenga kwa anwani hiyo ni sawa na kuwatambua pacha kwa sare ya shule.

Suluhisho ni kuita kwa mahali, kwa kuwa tundu halihami. Amri hii huonyesha njia ya tundu, kwa mfano 1-1.2, yaani tundu la pili la kipanuzi kilichochomekwa katika tundu la kwanza:

udevadm info -a -p /sys/class/net/usb0

Kisha katika faili /etc/udev/rules.d/70-modemu.rules huandikwa mstari mmoja kwa kila tundu:

SUBSYSTEM=="net", ACTION=="add", KERNELS=="1-1.2", NAME="mukhwana"
SUBSYSTEM=="net", ACTION=="add", KERNELS=="1-1.3", NAME="mulongo"

Baada ya amri ya udevadm control --reload, modemu hutolewa na kurudishwa. Ni vyema kila tundu libandikwe karatasi yenye jina lake, maana jina sasa ni la tundu wala si la modemu.

Tatizo la pili ni la anwani. Kila modemu ya aina hii hujitambulisha kama 192.168.8.1, hivyo tarakilishi haijui ielekee mlango upi. Modemu zichomekwe moja moja, na kupitia kivinjari ya pili ipewe 192.168.9.1, ya tatu 192.168.10.1. Hatimaye kila njia hupewa nambari ya kipaumbele. Yenye nambari ndogo hutangulia.

Tahadhari mbili zafaa. Modemu ikipoteza mtandao ilhali bado imechomekwa, huenda Linux isitambue, kwa hivyo pahitajika programu ya kuichunguza njia mara kwa mara. Aidha, tundu la USB 2.0 hutoa takriban miliampia 500 tu. Kipanuzi chenye umeme wake ni bora.

Mwanaisimu atatambua jambo hapa: jina lifaalo hushikamana na sifa isiyobadilika ya kitu. Kwa mtoto, sifa hiyo ni zamu ya kuzaliwa. Kwa modemu, ni mahali ilipokaa.